Moyo wa Kima Ulibaki Mtini

Leo nina maneno na wale wanaotaka kutunga: mwenye daftari lililojaa hadithi zisizokwisha, mwalimu anayewaandikia watoto wake igizo la siku ya kufunga shule, kijana anayerekodi masimulizi kwa simu usiku majirani wakishalala. Watu wa namna hiyo huuliza jambo moja: wazo linatoka wapi? Ushauri wangu ni huu. Chukua hadithi ya kale unayodhani unaijua, itafute mtandaoni, na usiridhike na msimulizi mmoja. Wasome wanne. Halafu tazama wanapoachana njia. Hapo wanapoachana ndipo penye kazi yako.

Bila mfano hayo ni maneno matupu. Mfano wangu ni kima na papa.

Hadithi yenyewe wengi mmekua nayo. Kima yuko juu ya mti anakula matunda, papa yuko chini majini anaomba arushiwe. Siku zinapita, urafiki unakolea. Siku moja papa anamkaribisha kima kwao, anambeba mgongoni, na wakifika katikati ya maji anamwambia kwamba kule waendako kinachotakiwa ni moyo wake. Kima anasema: lo, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukitoka safari, mioyo yetu tunaiacha mtini. Wanageuza kwenda kuuchukua. Kima anarukia tawi, na kushuka hashuki tena.

Simulizi ya Kiswahili ya hadithi hii imo katika kitabu cha Edward Steere, yule aliyefika Unguja mwaka 1864 na misheni ya UMCA na baadaye akawa askofu. Kitabu kilitoka London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaokabiliana nao. Zamani kukiona ilikuwa kazi ya wasomi wenye maktaba kubwa karibu. Leo kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kimo mtandaoni bure, na kinachokutenga nacho ni bando tu.

Sasa kifungue utazame msimulizi wa Unguja anavyoanza. Anasema kulikuwa na mkuyu mkubwa, matawi yake nusu yako upande wa mji, nusu yako upande wa bahari. Basi. Hakuna upepo, hakuna machweo, hatuambiwi mji una watu gani. Lakini hadithi nzima imeshawekwa mezani: mnyama wa nchi kavu na samaki wa kilindini wana mti mmoja, na mti huo haujaamua uko upande gani.

Miaka 40 baadaye hadithi hiyo hiyo ikaingia katika kitabu cha watoto cha Kiingereza cha Andrew Lang, kile cha mwaka 1910. Nacho kimo mtandaoni bure. Humo wamejenga jabali, chini ya jabali wameweka bonde dogo la kijani na vibanda, wamekumbuka hata kueleza kwamba nyumba zilijengwa mbali maji yakijaa yasizifikie. Kima amepewa rangi ya kijivu, na anastaftahi jua linapochomoza. Ni maandishi mazuri, sisemi. Lakini ule mti uliosimama peke yake kwenye sentensi moja sasa umezungukwa na mandhari kiasi kwamba unausahau. Na kwa kuwa tunazungumza habari ya wasimulizi, tusimsahau Leonora, mke wa Lang: sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri na kuandika upya hadithi za mfululizo ule aliifanya yeye, na mumewe mwenyewe aliliandika hilo katika dibaji. Jina la juu ya jalada lilibaki la mume.

Tuvuke bahari. Katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa Bara Hindi, kima anakaa juu ya mzambarau na rafiki yake wa majini ni mamba. Mkusanyo huo ulipelekwa Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akauingiza katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Huko mti umekuwa mtini na mamba amekuwa kasa. Hadithi ilipofika Unguja, mti ni mkuyu na kasa ni papa. Kila bandari imempandia kima mti wake. Na kuna hadithi ya Kibuddha ambamo kima anamwonyesha mamba matunda ya mti wa jamii hii hii ya mkuyu, yananing'inia vishada kwa vishada, anamwambia: ile pale mioyo yetu, tumeitundika.

Miti ni mapambo. Kuna badiliko jingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Nani anautaka moyo wa kima? Katika Panchatantra ni mke wa mamba. Ameonja zambarau alizoletewa na mumewe, akapiga hesabu: anayekula matunda matamu hivi kila siku, moyo wake utakuwaje? Katika Kalila wa Dimna ni mke wa kasa. Amechoshwa na mume asiyeonekana nyumbani, anashauriwa na jirani, anajilaza kitandani na kujidai mgonjwa. Kote kuwili mke ndiye chanzo cha balaa, na mume ni mtu mwema aliyeponzwa na nyumba yake. Mnazijua hadithi za namna hiyo, tunazo tele.

Njoo Unguja. Mke hayumo! Mahali pake amekaa sultani. Sultani wa papa anaumwa, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Kumbuka Steere alikuwa akikusanya hadithi hizi Seyyid Majid akiwa kwenye kiti. Sidai kwamba msimulizi alikuwa anapiga fumbo la siasa. Ninachosema ni kwamba kisa cha ugomvi wa ndani, cha wivu na matunda, kwenye kisiwa chetu kimegeuka kisa cha mtumishi aliyetumwa na mkubwa alete moyo wa rafiki yake. Aliyebadilika ni mtu mmoja tu katika hadithi, na uzito wote umehama.

Na sasa angalia katuni za tumbili na mamba wanazotazama watoto wetu kwenye simu za wazazi. Mke yumo. Amerudi, kwa kuwa wengi wa wanaotengeneza katuni hizo wameifuata Panchatantra. Mtoto wa Mombasa leo anapewa hadithi ya mke mwenye tamaa ilhali babu wa babu yake angeweza kumpa ya sultani mgonjwa. Wala simlaumu mtengeneza katuni, yeye amesimulia ya kwao. Najiuliza ya kwetu nani anaisimulia.

Lakini nilisema nazungumza na watunzi. Mtunzi akishaona kwamba kiti cha mgonjwa kimekaliwa na watu tofauti, mke huku na sultani kule, hapaswi kuuliza yupi ni sahihi. Aulize nani mwingine anaweza kukikalia. Mweke tajiri wa mji. Halafu mtoe, umweke mama mzazi wa papa. Ona kinachotokea: ghafla papa si msaliti tena, ni mtoto anayemwona mamaye anakwisha, na dawa iko juu ya mti inamrushia matunda. Msikilizaji aliyekuwa upande wa kima anaanza kuyumba.

Kuna pengine wasimulizi wanapoachana, padogo zaidi. Kwa nini yule wa majini anafichua siri? Angekaa kimya hadi wafike, kazi ingekwisha. Mamba wa Panchatantra anasema kwa kiburi: tuko kilindini, huna pa kukimbilia, mwombe Mungu wako. Kasa wa Kalila anasitasita, anasimama njiani, kima anamwona ana jambo, anamdadisi mpaka linatoka. Papa wa Unguja hana kiburi wala hadadisiwi. Anasema mwenyewe, kwa kuwa ni rafiki, na rafiki huambiwa kweli. Anakwenda kumuua na wakati huo huo hawezi kumdanganya. Mimi papa huyu namhurumia kuliko wote. Na kima, ambaye tumezoea kumsifu kwa akili, ndiye anayeamua kusema uongo. Anajiambia kwamba amekwisha kufa, kwa hiyo na aseme uongo, huenda ukamfaa. Mwenye kusema kweli ndiye muuaji, mwongo ndiye tunayemshangilia. Hayo yote yamo katika mistari michache ya kitabu cha mwaka 1870, na huyaoni mpaka uwe umewasikia wale wengine wawili kwanza.

Nina mfano wa pili, nao nitaupitia mbio. Wafaransa wana kisa cha paka aliyevaa viatu, alichokiandika Perrault mwaka 1697. Paka mjanja anamtoa bwana wake umaskini, anamwoza binti wa mfalme, mwisho wote wanastarehe na paka anakuwa mkubwa wa heshima. Katuni zake kwa Kiswahili hukosi. Katika kitabu kile kile cha Steere, ndani ya kisa cha Sultani Darai, yumo ndugu yake paka huyo, isipokuwa kwetu ni paa. Maskini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumni, ananunua paa, na paa anamletea utajiri, binti wa sultani na jumba kubwa. Mpaka hapo ni mapacha. Halafu paa anaugua. Bwana anaambiwa rafiki yako hajiwezi, njoo umwone. Haendi. Anaagiza apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa, anatupwa kisimani, watu wa mji wanalia, na tajiri yule anaamka siku moja yuko pale pale jaani, anachakura. Perrault alimaliza hadithi mahali ambapo msimulizi wa Unguja ndipo anakaza. Kijana akiniambia anataka kuandika riwaya ya wanasiasa na waliowabeba mpaka wakashika vyeo, namwambia asome hizo mbili kwa usiku mmoja.

Msidhani kazi hii imeletwa na intaneti. Shaaban Robert alipotoa Adili na Nduguze mwaka 1952 alikuwa amesimama juu ya hadithi ya Alfu Lela Ulela, ile ya Abdallah wa Basra na ndugu zake. Basra akaifanya Janibu, na mahali pa Harun Rashid akakaa Mfalme Rai. Mbwa wawili wanaocharazwa bakora kila usiku akawafanya manyani. Nadhani alijua anachofanya. Mbwa kupigwa mitaani kwetu hakumshtui mtu, nasema kwa masikitiko. Lakini nyani ana vidole na ana uso unaotazamika; ukimwinulia bakora unaona mtu. Badiliko la mnyama mmoja tu, na msomaji wa pwani akashikwa pale ambapo asingeshikwa.

Kilichobadilika siku hizi ni kwamba vitabu ambavyo Shaaban Robert alivitafuta kwa shida, au hakuvipata kabisa, viko mfukoni mwa dereva wa bodaboda. Pamoja navyo viko vitu vipya. Mwaka 2016 jarida la mtandaoni la Jalada lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikikuyu, jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima baada ya mikono na miguu kushindana. Watafsiri wakaigombania, leo inasomeka katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Ukiisoma unaona ni ngano ya kale, na umri wake ni mdogo kuliko wa mtoto wako wa sekondari. Mzee amekwenda zake mwaka 2025, lakini alituachia ushahidi kwamba ngano mpya inaweza kuzaliwa kwenye skrini.

Mwaka 2023 zikatoka filamu fupi sita za ngano za Kiafrika, mradi wa Netflix na UNESCO. Ya Tanzania ni Katope, ya Walt Mzengi Corey: mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mama asiye na mtoto, na kijiji kina ukame. Mnaona wenyewe mtego ulipo, mtoto wa udongo na mvua. Ya Kenya ni ya Voline Ogutu, ya Anyango na zimwi, na hiyo ndiyo iliyonikaa. Zimwi tunalijua tangu utotoni: lina nywele, lina njaa, linakaa porini. Ogutu amelitoa porini akaliingiza nyumbani. Mtoto anasimuliwa hadithi ya zimwi kitandani, na kadiri inavyokwenda anaona zimwi hilo linafanana na baba. Hakuna kilichopotea katika ngano ya zamani. Njaa ni ile ile, hofu ni ile ile, na anayefuatwa ni yule yule, mwanamke. Kilichohama ni makazi tu.

Hayo ndiyo masimulizi yanayonipa hamu ya kushika kalamu. Sasa niseme na yasiyonipa, maana nayo ndiyo mengi. Nenda kwenye video za hadithi za Kiswahili uone. Binti wa kifalme anatembea kwenye theluji, kuna dubu na kasri, na sauti ya mashine inatamka “hapo zamani za kale” kama inatangaza treni iliyochelewa. Wale waliochukua hadithi zetu wengi wamezitia sukari. Fisi anaomba msamaha. Sungura anajifunza kugawana. Zimwi linageuka rafiki, wimbo unapigwa, bonyeza ufuatilie. Jamani, sungura akijifunza kugawana tumebakiwa na nini? Msimulizi wa namna hiyo hajaachana na wenzake kwa kuwa ameona jambo. Ameachana nao kwa kuwa ameogopa. Mtunzi atoke hapo na nini?

Hata hivyo tuwe waangalifu na hukumu. Mtu anayekaa na simu akamrekodi bibi yake kijijini, kelele za kuku na yote, hata kama picha inatikisika na hadithi inakatika katikati bibi anapoitwa jikoni, huyo ametufanyia kazi kuliko studio. Bibi akisema “Paukwa” na wajukuu wakaitikia “Pakawa,” unasikia walivyochelewa, unasikia nani anacheka kabla ya wakati. Steere hakuweza kulichapa hilo. Juu ya kitabu chake limeandikwa jina lake, na hapo waliosimulia wametajwa kama wenyeji wa Unguja. Wewe unayerekodi leo una nafasi ya kuandika jina la bibi. Muulize kwanza kama anapenda, kisha liandike, liwe la kwanza kabla ya lako.

Maana na suala la haki lipo, tusilipite. Kima na papa hawana mwenyewe. Yeyote aweza kuwasimulia. Lakini simulizi ya mtu aliye hai, maneno yake, michoro yake, sauti yake, ni mali yake. Vya Steere na vya Lang muda wake wa haki umeshapita, chota utakavyo. Kwa wanaotaka vitu vipya vilivyoruhusiwa, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na tovuti yake kufunguliwa mwaka 2014, una vitabu vidogo vya watoto katika lugha nyingi, Kiswahili kimo, na leseni yake inakuruhusu kutafsiri na kubadili ukishamtaja aliyetangulia. Walimu wanaonisikiliza, hapo pana kazi ya muhula mzima.

Nikirudi kwa kima wangu, kuna jambo sijalisema. Kisa kile katika kitabu cha Steere kinaitwa kisa cha punda wa dobi, kwa sababu kima akiisha kukaa juu ya tawi salama anamwuliza papa: unanidhani mimi punda wa dobi? Papa anauliza ni nani huyo, naye kima anamsimulia hadithi nyingine, ya punda aliyeponea makucha ya simba mara ya kwanza akadanganywa akarudi mara ya pili, mpaka sungura, akiisha kuula moyo wake na masikio yake, akamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Punda huyo naye alipitia India na Arabuni, na kote alikuwa wa dobi. Tazama picha hiyo: mmoja juu ya tawi anasimulia, mwingine majini, aliyeshindwa, anasikiliza hadi mwisho. Kisha kima anamwambia urafiki wetu umekwisha, kwaheri, na hadithi inafungwa.

Papa je? Msimulizi wa Unguja anamwacha pale pale. Sultani alipona au alikufa, hakujali. Mimi ningeanzia hapo. Papa anageuza, anarudi kwao, njia ni ile ile aliyopita na mzigo mgongoni. Baraza limekaa, waganga wameshatayarisha chungu, na yeye anafika mikono mitupu, kama papa angekuwa na mikono. Akisema kweli, kwamba alikuwa na moyo mgongoni mwake na akaurudisha mwenyewe mtini, hatoki pale. Ni lazima adanganye, na huyu ndiye yule ambaye hata kumdanganya kima hakuweza. Lakini sasa ameshasikia hadithi ya punda wa dobi. Anayo moja ya kumsimulia sultani.